Maua ya bluu shambani, ini bovu zizini: jinsi ya kutafuta chanzo

Palizi ya pili ikiisha, mkulima wa Dodoma huweka jembe chini na kwenda kuamia ndege. Ni katika wiki hizo, mvua zikielekea kukatika, ndipo mmea mmoja wenye vinyweleo vikali unapopenya katikati ya mtama na alizeti na kutoa maua ya bluu iliyofifia yanayoinamia chini. Wakati huo haumsumbui mtu. Usumbufu huja baadaye: ng'ombe anakonda Septemba, nafaka ina chembe ngeni, na mvua zijazo shamba linajaa tena. Kwa kuwa kati ya mmea na madhara yake hupita miezi, lawama huangukia kitu kingine: dawa ya minyoo iliyochomwa juzi, maji ya lambo, husuda ya jirani.

Ndiyo maana katika kila dalili iliyoelezwa hapa nasisitiza tarehe. Kabla hujauliza mnyama alikula nini jana, uliza amelishwa nini tangu mavuno.

Kwanza hakikisha ni wenyewe

Mmea ninaouzungumzia zaidi ni Trichodesma zeylanicum, nitauita trikodesma. Ni wa familia ya Boraginaceae, huota na mvua, huzaa na kufa ndani ya msimu mmoja. Husimama wima, mara nyingi hufika kiunoni na wakati mwingine hupita hapo. Majani yake ni membamba na marefu. Ya chini hukaa mawili mawili yakitazamana, ya juu hupishana. Shika shina ulisogeze karibu na jicho: kila kinyweleo kimeota juu ya kidoa cheupe kilichovimba, na ukipitisha kidole kutoka juu kwenda chini utahisi msasa. Ua lina petali tano zenye ncha iliyojisokota, na katikati limetoa koni ndogo iliyochongoka. Ua likidondoka, vijani vilivyolizunguka hupanuka na kufunika mbegu nne tu, ngumu, zenye upande mmoja laini unaong'aa na upande mwingine uliokwaruza. Mbegu hizo nne zikumbuke, tutazirudia kwenye nafaka.

Ndugu yake ni heliotropi. Heliotropium indicum hupenda tope la kingo za malambo na mabwawa maji yanapopungua. Majani yake ni mapana yenye mikunjo, na maua madogo ya zambarau iliyofifia hujipanga upande mmoja wa kikonyo kilichojikunja nchani kama mkia wa nge. Ukishauona mkia huo huwezi kuusahau.

Wengi huchanganya mimea hii na kiduha. Kiduha hushika mizizi ya mtama na kuunyonya, hivyo mtama hudumaa na kuwa wa njano hata kabla hakijatokeza juu ya udongo. Maua yake ni mekundu au ya waridi kutegemea aina. Ikiwa shida yako ni mtama kunyong'onyea na jua la saa nne ilhali udongo una unyevu, tafuta kiduha. Trikodesma hainyonyi mizizi ya mtu. Lile jani la maji linalotambaa, lenye vijiua vya bluu na shina linalovunjika kirahisi, nalo si familia hii, na ng'ombe wakilila halina neno.

Shamba lilipaliliwa mara mbili, bado limechanua bluu

Chanzo mara nyingi si uvivu. Dodoma ina msimu mmoja wa mvua, kuanzia mwishoni mwa Novemba au Desemba hadi Aprili, na katikati yake mara nyingi huwa na ukame wa Februari. Palizi zote mbili huwa zimefanyika kabla ya mvua za mwisho. Mbegu zilizokuwa chini huota na mvua zile za Machi, na miche iliyobaki kivulini mwa zao hupata nafasi majani ya chini ya mtama yanapokauka.

Chanzo cha pili ni jembe lenyewe. Ukikata shina juu ya udongo badala ya kung'oa, mmea huchipua pembeni na kutoa matawi mengi zaidi. Na ukiung'oa kukiwa na unyevunyevu kisha ukaulaza palepale, baadhi hushika tena. Kagua mmea mmoja: ukikuta shina nene la zamani limekatwa na pembeni yake matawi mawili au matatu mapya, ujue ulipalilia ila hukuumaliza.

Tiba ni kupita mara ya tatu, kwa mkono tu, maua ya kwanza yanapotokea na kabla vijani vya ua havijaanza kuvimba. Udongo ukiwa na unyevu mzizi hutoka mzima. Najua kazi hiyo inagongana na kuamia ndege, lakini anayeamia anaweza kung'oa huku anatembea, na kwenye ekari chache mtu hupata mengi kwa asubuhi moja. Kama vijani vimeshavimba, mbegu zimo. Usiiache mimea hiyo shambani wala usiitupe njia ya mifugo. Ikusanye kwenye mfuko, ianike penye ulinzi, uichome moto. Mbegu zilizokwishadondoka hubaki ardhini zaidi ya msimu mmoja, kwa hiyo mwaka wa kwanza wa kung'oa usitarajie shamba safi. Tarajia pungufu.

Dawa ya magugu imepigwa, mmea bado umesimama

Hapa kuna sababu tatu ninazokutana nazo zaidi. Vinyweleo huning'iniza tone juu ya jani badala ya kuliacha lilale, hivyo dawa hukauka hewani. Vumbi nalo: glaifoseti, dawa ya magugu inayotumika sana, ikigusa udongo hushikwa nao na kukosa nguvu, iwe ni vumbi la majani ya kando ya barabara au maji ya lambo yenye tope. Maji ya visima vingi vya huku pia ni magumu, na chumvi zake huidhoofisha dawa hiyohiyo. Sababu ya tatu ni umri: mmea uliofika kiunoni na kuanza kukauka haunywi tena dawa ipasavyo.

Wapo wanaoshauriwa kutumia 2,4-D kwa kuwa inaua mimea ya majani mapana na kuuacha mtama. Ni kweli kwenye mtama mchanga, ikitumika kwa kipimo na wakati wake. Lakini alizeti na karanga ni majani mapana pia, na mzabibu hudhurika na dawa hiyo hata kwa kiasi kidogo sana. Upepo wa Dodoma wa mchana unaweza kupeleka mvuke wake kwenye zabibu za jirani, majani yakajikunja na mavuno yakaharibika. Palipo na zabibu karibu, mimi sishauri 2,4-D kabisa.

Mikono na shingo vinawasha baada ya kung'oa

Vinyweleo vimevunjikia kwenye ngozi. Osha kwa sabuni na maji mengi bila kusugua, na muwasho hutulia. Mara nyingine vaa shati la mikono mirefu, shika mmea chini kabisa karibu na mzizi. Muwasho ukiwa mkali wa kuchanganya, pengine ulipita kwenye upupu. Tafuta mmea unaotambaa wenye maganda yenye manyoya ya kahawia.

Ng'ombe au punda anakonda, macho yamekuwa ya njano, ngozi nyeupe inaungua

Hapa ndipo pa kutulia.

Heliotropi na trikodesma zina alkaloidi, yaani kemikali za sumu zinazotengenezwa na mmea, za kundi la pirolizidini. Alkaloidi zenyewe zikiingia tumboni hazina kishindo. Ini ndilo huzigeuza likijaribu kuzitoa mwilini, na kinachopatikana katika kugeuza huko huharibu chembe za ini na mishipa yake midogo ya damu. Kwa hiyo mnyama anaweza kula leo, akaonekana mzima wiki nyingi au miezi, kisha akaanguka wakati mmea wenyewe haupo tena malishoni.

Dalili huja taratibu: hamu ya kula hupungua, manyoya husimama, mgongo hutokeza. Kisha utando wa macho na fizi hugeuka njano. Wengine huharisha na kujikamua. Sehemu za ngozi zisizo na rangi, kama pua na chuchu za ng'ombe mweupe, huungua na jua na kubanduka, kwa sababu ini limeshindwa kutoa kemikali ya majani mabichi ambayo ikifika kwenye ngozi na kupigwa jua huiunguza. Mwishoni baadhi huzunguka ovyo, hugongesha kichwa ukutani au kwenye miti ya zizi. Punda na ng'ombe hudhurika kirahisi, nguruwe na kuku pia. Mbuzi na kondoo huvumilia zaidi kwa kuwa vijidudu vya tumbo lao huvunja sehemu ya sumu, lakini kuvumilia si kinga. Nchini Australia, ambako heliotropi ya Ulaya imeenea malishoni, kondoo walioula msimu mmoja walionekana salama na kuanza kufa baada ya msimu wa pili. Ini lililoharibika hulimbikiza shaba, kisha siku moja huimwaga yote kwenye damu. Ndiyo maana kondoo waliokula mmea huu hawapaswi kupewa jiwe la madini lenye shaba.

Sasa swali la tarehe. Mnyama mwenye malisho mazuri hukwepa mimea hii ikiwa mibichi; vinyweleo na ladha humfukuza. Huila katika hali tatu: kiangazi kikali kingo za lambo zikiwa ndiyo kijani pekee, alipohamishiwa eneo geni akiwa na njaa, kwa mfano akitoka mnadani, na pale tulipomlazimisha bila kujua, yaani kwenye majani makavu. Hali ya tatu ndiyo ninayoiogopa zaidi. Mabua ya mtama yanakatwa pamoja na magugu yaliyosimama kati yake, yanafungwa, yanahifadhiwa kwa ajili ya Agosti na Septemba. Mmea ukikauka ukali wake hupungua na mnyama huacha kuubagua, lakini sumu haiishi kwa kukauka. Ukiyapitisha kwenye mashine ya kukatakata, hata mbuzi mchaguzi hawezi tena kuutenga.

Fungua mzigo mmoja wa majani makavu, uutandaze kwenye turubai. Tafuta mashina yenye vidoa vyeupe, vijani vilivyovimba na mbegu nne ndani, au mikia iliyojikunja. Ukivikuta katika mizigo mingi, acha kulisha stoo yote hadi uichambue.

Lakini usikimbilie kuulaumu mmea. Manjano huku kwetu ina vyanzo vingi, na baadhi vina tiba ikiwa hutachelewa. Pima joto. Homa kali, fizi zilizopauka kisha kuwa njano na kinyesi kigumu kwa ng'ombe mwenye kupe huelekeza kwenye ndigana baridi. Mkojo mwekundu huelekeza kwenye ugonjwa mwingine wa kupe. Uvimbe laini chini ya taya na fizi nyeupe kwa mnyama anayenywa lambo lenye konokono huelekeza kwenye minyoo ya ini. Karibu na mapori yenye mbung'o, fikiria nagana. Aliyelishwa mashudu au mahindi yaliyoota ukungu anaweza kuwa na sumukuvu. Na ua wa Lantana camara, ule wenye vishada vya maua ya rangi mchanganyiko, huleta manjano na ngozi kuungua ndani ya siku chache, si miezi. Kinachoelekeza kwenye mimea yetu ni kukosekana kwa homa, wanyama kadhaa waliokula stoo moja kuugua kwa kupishana, na dawa ya kupe na ya minyoo kutosaidia.

Mwite mtaalamu wa mifugo. Mnyama akifa, omba apasuliwe: ini lililodumaa, gumu kukata, ni ushahidi mzito, na kipande chake kinaweza kupelekwa Wakala wa Maabara ya Veterinari. Peleka pia mmea mzima wenye maua na mbegu, uliobanwa ndani ya gazeti. Ini lililokwisha kuharibika halina dawa ya kulirudisha. Waliobaki waondolewe kwenye chakula hicho, wawekwe kivulini, wapewe majani bora na maji. Wale waliokula bila kuonyesha dalili uwaangalie kwa miezi. Usiwauze kama wazima kwa mwenzako anayetafuta ng'ombe wa kulimia.

Mtama au uwele una chembe ngumu usizozijua

Chukua kiganja kimoja, ukitandaze kwenye sahani nyeupe penye mwanga. Mbegu ya trikodesma ni ya kijivu au kahawia, bapa kidogo, upande mmoja unang'aa. Za heliotropi ni ndogo zaidi. Zimeingiaje? Masuke ya mtama na uwele hukatwa juu, kwa hiyo mara nyingi hazikutoka shambani moja kwa moja bali kwenye uwanja wa kupuria uliokuwa na magugu pembeni, au masuke yalilazwa chini kati ya mimea iliyokauka. Kwenye alizeti na karanga zilizong'olewa na kurundikwa chini, huingia wakati wa kukusanya.

Kupeta kwa ungo huondoa makapi lakini mbegu hizi ni nzito, hubaki na nafaka. Chekeche husaidia kwa zile ndogo. Za trikodesma hukaribiana na punje za mtama mdogo na hapo ni kuchambua kwa mkono. Kazi ni kubwa, na ndiyo hoja yangu kuu ya ile palizi ya tatu. Pura juu ya turubai, fyeka na ufagie uwanja kwanza, na punje utakazotupa usiwape kuku wala nguruwe. Alizeti iliyokamuliwa nazo huacha vipande vyake kwenye mashudu.

Kwa nini nasisitiza hivi kwa chembe chache? Kati ya 1974 na 1976, kaskazini-magharibi mwa Afuganistani, watu waliugua ini kwa kula mkate wa ngano iliyochanganyika na mbegu za heliotropi. Katika wakazi 7,200 waliochunguzwa, asilimia 22.6 walikutwa na dalili za ini kuharibika. Mwaka 1992 jambo la namna hiyo likatokea Tajikistani. Moto wa jiko haukuiondoa sumu. Ndugu mwingine wa trikodesma, Trichodesma incanum, aliwahi kudhuru watu Uzbekistani kupitia nafaka, akishambulia zaidi ubongo. Kisa cha Afuganistani kilifuatia miaka ya ukame, na hilo linatuhusu moja kwa moja: mwaka wa ukame zao hudumaa, magugu yanayohimili jua hustawi, na katika debe moja la nafaka sehemu ya mbegu za magugu huongezeka. Njaa nayo huwafanya watu wasichambue.

Kwa hiyo ikiwa nyumbani mtu, hasa mtoto, anaanza kujaa maji tumboni, kuumwa chini ya mbavu za kulia na kupoteza nguvu, nenda hospitali siku hiyohiyo. Sumukuvu kwenye mahindi iliua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016. Homa ya ini na kichocho navyo hujaza tumbo. Kutofautisha ni kazi ya daktari na vipimo vyake. Yako ni kubeba kikombe cha nafaka mnayokula na kusema mmeila tangu lini. Na chungu hicho kisiendelee kupikwa wakati mnasubiri majibu.

Vipepeo wa rangi ya chungwa wameng'ang'ania mmea uliokauka

Hili si tatizo, ni kipimo cha bure. Kipepeo Danaus chrysippus, wa rangi ya chungwa mwenye ncha nyeusi na madoa meupe kwenye mbawa, hutafuta alkaloidi hizi. Madume hutua kwenye heliotropi iliyokauka au kujeruhiwa, hushusha mrija wa mdomo na kufyonza kwenye jani lisilo na nekta wala ua. Hutumia kemikali hiyo kutengeneza harufu ya kuvutia majike na kujikinga na ndege. Ukiwaona wengi wametulia kwenye rundo la majani makavu, usilishe rundo hilo kabla hujalichambua. Baadhi ya mimea ya jamii ya marejea pia huwavuta, na ina sumu ya kundi hilohilo, kwa hiyo onyo halibadiliki.

Maziwa, asali na majani ya dawa

Kiasi kidogo cha alkaloidi hupita kwenye maziwa. Ng'ombe au mbuzi anayeshukiwa kula mimea hii, maziwa yake asipewe mtoto mchanga. Majani ya heliotropi hutumika mahali pengi kwa vidonda. Kuyapaka ni jambo moja, kuyachemsha na kuyanywa ni jingine, na kwa mjamzito au mtoto naomba yasinywewe kabisa. Wafuga nyuki wajue kwamba nekta na chavua za familia hii hubeba sumu hiyo hadi kwenye asali. Mzinga uliotundikwa kwenye miti ya vichaka vya Manyoni, nyuki wakiwa na maua mengi ya kuchagua, haunipi wasiwasi. Mzinga ulio katikati ya shamba lililoachwa na kujaa trikodesma ninauhamisha kabla ya mwisho wa mvua, na kama nimechelewa, asali ya mavuno hayo ninaichanganya na nyingi ya mahali pengine kabla haijaenda mezani.